Kijana yuko kidato cha tatu, jioni yuko kwa fundi simu, na nyumbani tumekuwa watu wazima watatu

Mlinzi wa Igoma ameuliza:

Wakuu, habari za kutwa.

Nina kijana wa miaka 16, kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa hapa Mwanza. Tangu likizo ya Desemba anashinda kwa fundi simu mmoja karibu na stendi ya Igoma. Likizo ilipoisha hakuacha. Akitoka shule anapita nyumbani, anavua sare, anakula alichoachiwa na mama yake, anaondoka. Jumamosi yuko huko kutwa, na wakati mwingine anarudi saa tatu usiku. Bosi wake ni kijana tu, sidhani kama amefika thelathini, na mtaa mzima unamwita Braza. Kibanda chenyewe ni cha mbao, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Na kazi yenyewe sina ugomvi. Mimi nilichunga ng'ombe za watu kule Magu nikiwa darasa la tatu, na malipo yalikuwa maziwa. Kinachonisumbua ni namna kijana alivyobadilika kwetu sisi watu wazima. Sisemi amekuwa jeuri. Shikamoo anatoa, akitumwa anakwenda. Ila kuna kitu.

Niwape mfano. Kazi yangu ni ulinzi wa ghala, naingia usiku. Jumapili ndiyo siku yangu ya kulala nyumbani. Jumapili iliyopita tuko mezani, LUKU ikaisha. Nikaanza kupapasa simu huku napiga hesabu kimya kimya kama salio lililobaki linatosha kununua hata uniti chache za kusukuma usiku. Kabla sijamaliza hesabu nasikia rimoti ya mita inalia, ti, ti, ti. Kijana anabonyeza namba, zote 20, simu ameibana kwa kidevu ili immulikie. Umeme ukarudi. Akakaa akaendelea na ugali wake, hakusema neno. Mama yake akachukua kichwa cha sato, ambacho kila mtu ndani ya nyumba hii anajua huwa kinaenda sahani gani, akamwekea yeye.

Nilicheka. Lakini sikulala vizuri.

Halafu kuna hili la "Braza anasema". Braza anasema usimkopeshe mtu anayeanza na hadithi ya msiba. Braza anasema maji ya mchele yaliyoingia kwenye simu ni mabaya kuliko ya bomba. Braza anasema mtu akikuuliza bei mara tatu hana hela. Vingine ni vya kweli kabisa, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu nusu ya hayo nilishamwambia mimi na hakuyasikia.

Majirani nao wamebadilika. Kuna mzee hapa jirani alikuwa akimwona tu anamtuma sigara, bila hata kumtaja jina, "we dogo". Sasa simu yake imezima, amekaa kwenye benchi la kibanda, kofia ameiweka magotini, anasubiri dogo amwambie kama picha za marehemu mkewe zitapatikana. Zilipatikana. Tangu siku hiyo anamwita fundi, na hajamtuma tena.

Kubwa kuliko yote ni la mwalimu. Mwalimu wake mmoja (simtaji, wala shule) alipeleka simu kubadilisha kioo, shilingi 45,000. Alitanguliza 20,000. Sheria ya Braza ni moja, simu haitoki mpaka hela itimie. Mwalimu akamwita kijana pembeni, akamwambia amletee ile simu shuleni, atamalizia mwisho wa mwezi. Kijana akajibu, "Mwalimu, ile simu ipo kwenye daftari la Braza, siwezi kuitoa." Kwa adabu, ndivyo nilivyoambiwa. Toka hapo mwalimu hamwoni darasani. Akinyoosha mkono, macho ya mwalimu yanaruka kwenye dawati la nyuma.

Sasa sikilizeni. Mimi hili sikuambiwa na kijana. Nimeambiwa na mama yake, naye alilisikia kwa bahati. Kijana alishalipeleka kwa Braza kuomba ushauri.

Ninachoomba kwenu ni mawili. Hela yake niiguse au nisiiguse? Maana sijawahi kuiomba, na sijui hata analipwa ngapi. Na huyu Braza niende nikamwone, au nikienda nitamwaibisha kijana?

---

Chapati Maji amejibu:

Mkuu, wenzako tuna madume ya miaka 20 hayajui hata kufua soksi zao, wewe unalalamika kununuliwa umeme. Kula ugali wako na mkia wa sato, shukuru Mungu.

---

Mlinzi wa Igoma: Hahaha. Chapati, mkia nilikula.

---

Fundi Spana amejibu:

Mzee wangu, mimi nina gereji Arusha, Unga Limited. Kila likizo naletewa vijana wa shule, na wawili watatu huwa wanabaki kuja Jumamosi. Nakujibu kama huyo Braza wako.

Kwanza uelewe kwa nini anamsikia yeye kuliko wewe. Si kwamba Braza ana akili kukupita. Hapa kazini mtoto akifanya kosa, kosa lenyewe linamwonyesha. Bolti ameikaza vibaya, oili inavuja, mteja karudi na pikipiki anaisukuma. Sihitaji kumhubiria. Nasema sentensi moja tu, "umeona?", na anaikumbuka mwaka mzima. Wewe nyumbani unamwambia neno lile lile wakati hakuna kinachovuja. Litaingilia wapi?

La pili ni kwamba mimi namhitaji. Mtoto analijua hilo siku ya kwanza tu. Asipokuja Jumamosi nakwama, na akija namwambia, "Afadhali umekuja." Jiulize ni lini mara ya mwisho mtu mzima yeyote alimwambia hivyo. Shuleni wako 80 darasani, asipokuja mmoja hakuna pengo.

Wananiletea mambo yao, ndiyo. Mmoja aliniambia amefeli kabla baba yake hajajua, huku tumelala wote chini ya gari, macho juu. Nadhani ni kwa sababu hatukuwa tunatazamana. Mimi sikuomba kazi hiyo ya kuwa baba wa pili na siilipwi. Ndiyo maana kijana wa shule simpokei mpaka mzazi wake aje nimwone sura. Sihitaji barua, nahitaji sura. Nikishamjua mzazi, mtoto akiniletea jambo zito namwambia, "Hili mpelekee mzee, na usipompelekea wewe nitampelekea mimi." Nisiyemjua nitampelekea nini?

Kwa hiyo nenda. Braza mwenye akili atafurahi. Akikunja uso kwa sababu baba wa kijana kaja kumsalimia, hapo umeshapata jibu la mambo mengi.

Na chunguza analipwaje. Kuna mabosi wa soda na chipsi, kila siku "kula mdogo wangu, wewe ni kama ndugu yangu", halafu ukiuliza hela ni wiki ijayo. Mtoto anaona amepata kaka, kumbe amepata mdeni. Anaona aibu kudai kwa sababu ameshakula chipsi. Mimi kwangu Jumamosi saa kumi hela iko mkononi, kila mmoja na daftari lake, anasaini. Undugu tunauanza baada ya hapo.

---

Chaki Nyeupe amejibu:

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Shinyanga. Nitaanza na la mwenzangu kwa sababu limenikera.

Mwalimu kumwomba mwanafunzi atoe simu ya mteja kabla haijalipiwa ni kumtia mtoto kwenye mtego. Akikubali, anamwibia bosi. Akikataa, anamkatalia mwalimu. Kijana wako alijibu vizuri kuliko watu wazima wengi wangejibu. Lakini usikimbilie ofisi ya walimu. Ukienda na shutuma, kijana ndiye atakayebaki na huyo mwalimu mpaka kidato cha nne. Deni si la kijana, ni la kibanda. Braza ampigie mwalimu mwenyewe, kwa heshima, kama anavyompigia mteja mwingine yeyote: "Mwalimu, simu yako iko tayari, imebaki 25,000." Kijana aondolewe katikati. Hali ikiendelea, hapo sasa unamwona mkuu wa shule, na unakwenda kwa sababu mtoto hapewi nafasi darasani. Mambo ya simu unayaacha nje ya mlango.

Kwa ujumla wanafunzi wanaofanya kazi nawatambua bila kuambiwa. Ukiwauliza swali wanakutazama usoni. Wanauliza "kwa nini" na wanasubiri jibu. Baadhi yetu kazini tunaliita hilo jeuri, na tunakosea. Mtoto aliyezoea kumweleza mtu mzima kwamba simu yake haitapona, na mtu mzima akamsikiliza, hawezi kuingia darasani akajifanya hana mdomo. Kuna upande wa pili pia, sifichi. Wapo wanaokuja Jumatatu wamechoka hata kalamu hawaishiki, na wapo waliogundua kwamba mwalimu wao ana shida ya hela kuliko bosi wao, basi dharau inaanzia hapo.

Wala msidhani ukimweka mtoto kazini na mtu mzima basi wanaelewana hivi hivi. Mimi nimesoma enzi za shamba la shule, zile za Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere 1967. Kwenye maandishi, mwalimu na mwanafunzi walipaswa kushika jembe pamoja. Kwetu mwalimu wa zamu alikaa chini ya mwembe na fimbo, sisi tukapalilia pamba, na mavuno hatukujua yalikokwenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyemzoea mwalimu kwa sababu ya lile shamba.

Sheria nayo uijue, usije ukapelekwa na upepo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru na isiharibu masomo, na inataka malipo yalingane na kazi aliyofanya. Usiku hairuhusu kabisa: kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanyishwa kazi. Hiyo saa tatu ya Jumamosi ni ya kukata mara moja. Una haki nayo, wala hutakuwa unamwonea Braza.

Kama kijana anapenda ufundi, usimwone amepotea. Tangu 2024 mtaala mpya una mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazi mtaani. Ila amalize kidato cha nne kwanza.

---

Binti wa Pangani amejibu:

Nimesoma yote. Naona wanaume wanajibizana kuhusu mtoto wa kiume kwa fundi wa kiume. Niongeze la kwangu kidogo.

Nikiwa sekondari nilikuwa nafanya kwa mama ntilie mmoja stendi, Jumamosi na Jumapili na likizo zote. Nilijifunza watu wazima wako aina ngapi ndani ya wiki moja. Kuna anayekuita "mwanangu" na anamaanisha. Kuna anayekuita "mwanangu" mkono wake uko kiunoni kwako. Kuna anayeacha chenji makusudi ili kesho aje kuuliza, "Ile hela niliyokuachia ulifanyia nini?" Na mtu kama huyo nyumbani kwenu anakuja kama rafiki wa baba, unamwamkia, unamletea maji.

Yule mama ntilie hakuwahi kunieleza lolote juu ya wanaume. Siku moja aliona jinsi mteja mmoja wa lori alivyonishika mkono nilipokuwa nampa sahani. Hakugomba. Alinipa daftari na kisanduku cha hela, akaniambia, "Kuanzia leo wewe unakaa hapa nyuma ya meza, sahani atapeleka mwingine," na aliyepeleka alikuwa yeye mwenyewe, na magoti yake mabovu. Yule wa lori alihudumiwa wali na bibi wa miaka sitini mpaka akaacha kuja. Mpaka leo nikipata tatizo la maana, wa kwanza kumpigia ni yeye.

Mama yangu mzazi hilo linamuuma, najua. Lakini mwulizeni hela zangu zilikwenda wapi. Kila mwisho wa wiki alikuwa amesimama mlangoni, mkono wazi. Zote. Sikunyimwa chakula, hela zilikwenda kwenye sare za wadogo zangu, sikatai. Ila hakuna siku aliniuliza kwanza, na hakuna siku aliniambia zimenunua nini. Nilikuwa naziona sare kwenye miili ya wadogo zangu, basi. Mwaka wa pili nikaanza kumtajia mshahara pungufu, na mama ntilie alijua na hakunisema. Kwa hiyo wakati huo watu wazima wangu wawili walikuwa upande mmoja mmoja, na uwongo wangu katikati.

Kaka, hujawahi kuuliza analipwa ngapi, na unaona hiyo ni heshima. Pengine. Kijana anaweza kuiona kama hutaki kujua. Mwulize analipwa ngapi kama unavyomwuliza mdogo wako wa kazini. Usimwulize kama afisa wa kodi. Halafu mpe jambo moja la nyumba liwe lake kwa jina. Akichangia kimya kimya gizani, wewe unajisikia mdogo na yeye haambiwi asante na baba yake. Nimesoma mara mbili, mama yake alimpa kichwa cha samaki. Wewe ulimpa nini?

---

Chapati Maji: Hapo dada umepiga msumari.

---

Mama Watatu, Dallas amejibu:

Huku Marekani mtoto wa miaka 14 na 15 sheria ya nchi inampa saa tatu tu siku ya shule na saa 18 kwa wiki ya shule, jioni mwisho saa moja, isipokuwa kiangazi anaruhusiwa mpaka saa tatu usiku. Akifika 16, sheria hiyo ya saa inaisha. Binti yangu alianza kwenye duka la aiskrimu akiwa na miaka 15. Meneja wake ni msichana wa chuo. Mimi nilitaka kwenda kumsalimia kama mlivyomshauri huyu baba, binti akaniambia, "Mama, ukija nitaacha kazi." Huku mzazi akienda kazini kwa mtoto ni kama kumpeleka chekechea.

Ila kilichotokea ni tofauti na cha baba Igoma. Siku moja barua ya bima ilinishinda, maana Kiingereza cha barua zile hata wenyewe kinawashinda. Binti akachukua simu, akapiga, akaongea na mtu mzima wa upande wa pili dakika nzima bila kutetemeka, "Naomba jina lako, naomba namba ya kumbukumbu." Nilimwuliza amejifunza wapi. Kwa wateja wanaorudisha aiskrimu, anasema. Nilifurahi na nikahisi nimekuwa mgeni wake, vyote viwili. Pole baba, hilo halina nchi.

---

Mlinzi wa Igoma amerudi:

Wakuu, nimeenda. Nawapa mrejesho kwa sababu mmenisaidia.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nimetoka lindo, sijabadilisha hata koti. Nilimwambia kijana usiku wake kwamba nitapita, kwa hiyo hakushtuka, ila alikuwa amepanga vile vifaa kama tunakagua jeshi. Braza aliniamkia vizuri, akanipisha kiti chake, yeye akakaa kwenye betri kuukuu. Akaniambia, "Mzee, nilikuwa najiuliza utakuja lini." Fundi Spana, ulisema.

Habari ya saa tatu usiku nilimweleza kama Chaki Nyeupe alivyoandika, na sheria nikamtajia. Alikuwa hajui. Tumekubaliana siku za shule mwisho saa kumi na mbili jioni, Jumamosi mwisho saa moja, na wiki ya mitihani haji kabisa. Kijana alinuna kidogo kwenye hilo la mitihani. Mwalimu alipigiwa simu mbele yangu, kwa maneno yale yale. Akaja mchana na hela yote, akakuta mimi bado nipo, tukasalimiana. Darasani sijui itakuwaje, tunasubiri.

Dada wa Pangani, ulinichoma lakini nimekuelewa. Njiani kurudi nilimwuliza analipwa ngapi. Akanitajia bila kusita, pamoja na anachodaiwa na mwenzake wa darasani. Tumekubaliana umeme ni wake nusu na mimi nusu, tunanunua tarehe moja, na zinazobaki ni zake, siziulizi. Nilimshukuru pia, kwa mdomo. Alijibu "poa mzee", akageuza mazungumzo kwenye mpira.

Kimoja tu kimenishinda. Fundi Spana, lile daftari la kusaini nilimpelekea Braza kama wazo lako. Kijana akadakia kwamba hesabu zote wanazo tayari, ziko kwenye simu, kila wiki wanathibitisha wote wawili kwa ujumbe. Nikaomba kuona. Akaniambia ataniprintia.